Mwenyeji wa wiki mbili

Kwanza niseme ukweli, siku hiyo nilikuwa nimekaa Chicago wiki mbili tu, na katika hizo wiki mbili katikati ya mji nilikuwa nimefika mara mbili, zote natembea nyuma ya dada yangu kama kifaranga. Lakini mjomba alipokuja kututembelea akasema anataka kuuona mji, dada naye ana zamu kazini, mimi si ndo nikajitutumua, nikamwambia dada usiwe na wasiwasi, mjomba niachie mimi, huu mji naujua. Hilo neno "naujua" ndo lilikuja kunitokea puani.

Sasa mumjue mjomba wangu. Mwalimu mstaafu. Mwezi wa saba, jua kali, kavaa suti ya kijivu na kofia ya pama, viatu vinang'aa unaweza kujitazama. Na ana ile tabia ya walimu, akikuuliza swali anakaa kimya anakuangalia mpaka ujibu. Huwezi kumwambia sijui, mdomo wenyewe unakataa.

Dada alikuwa ametukatia tiketi za boti, zile boti zinazozunguka mtoni huku mtu wa kipaza sauti anawaelezea majengo, saa tisa kamili alasiri, na hazikuwa bei ya mchezo. Akaziprinti kabisa, anasema simu huwa zinazima. Nikanyoosha mkono kuzichukua, mjomba akasema karatasi anatunza mtu mzima, akazikunja akazitumbukiza mfuko wa ndani wa koti pamoja na pasipoti. Huo mfuko mukumbuke.

Tukapanda treni yao wanayoiita L, inapita juu kwenye nguzo za vyuma, inakata kona katikati ya maghorofa karibu uchungulie watu maofisini, na pale mjini inazunguka kama kitanzi, ndo hilo eneo wanaliita Loop. Mjomba katulia, anaangalia nje, mara:

"Mpwa wangu, hii treni kwa nini wameipandisha juu?"

Kimya. Ananiangalia.

"Ni kwa sababu ya mafuriko, mjomba."

Sijui hata ilitoka wapi. Akatikisa kichwa taratibu, akatoa kijitabu mfukoni akaandika. Aliandika jamani! Hapo ningesema ukweli yangeisha, nikaona aibu, nikanyamaza.

Asubuhi tukaanza na Willis Tower, hapo nilikuwa nimejiandaa, usiku wake nilikuwa nimesoma. Nikamwaga: mjomba jengo hili lina ghorofa 110, urefu mita 442, lilikuwa ndo refu kuliko yote duniani tangu miaka ya sabini mpaka 1998, zamani likiitwa Sears Tower wakabadilisha jina 2009 ila wenyeji wengi bado wanaita Sears. Mjomba akafurahi, akasema vizuri sana, nikajiona profesa. Tatizo likaja juu kwenye ghorofa ya 103, kule wana vile visanduku vya vioo vimetokeza nje ya jengo zaidi ya mita moja, sakafu yenyewe kioo, unasimama hewani, chini yako mita 412 magari kama punje za mchele. Mjomba kavua kofia, kaingia, kasimama katikati, mikono nyuma kama anasimamia mtihani. Ananiita njoo. Mimi nimeinama nafunga kamba ya kiatu. Nilivaa viatu visivyo na kamba.

"Umedondosha kitu?"

"Hapana mjomba, nakagua sakafu."

Nikaingia mguu mmoja, mwingine ukagoma, picha iliyopigwa pale inaonyesha mzee mmoja ametulia anatabasamu na mkono wa mtu umeng'ang'ania ukuta. Tuiache hiyo.

Tukashuka tukatembea mpaka Millennium Park, kuna lile dude la chuma linalong'aa kama kioo, jina lake rasmi Cloud Gate, kazi ya msanii Anish Kapoor, lakini watu wote wanaliita Haragwe na kweli ni haragwe, sema haragwe la tani 100 hivi. Bati 168 za chuma zimeungwa na usione hata alama ya kiungio. Mjomba akalizunguka mara tatu anatafuta mshono. Hakuupata, nadhani ilimuuma.

Sasa pembeni ya hapo kuna Crown Fountain. Wale waliofika wameshaanza kucheka. Kwa ambao hamjafika, ni minara miwili ya matofali ya kioo, kila mmoja mita 15, imetazamana, katikati kuna uwanja mweusi wenye maji ya kulowesha nyayo. Kwenye mnara inatokea sura ya mtu, video, kubwa jengo zima, inakuangalia, inapepesa macho polepole. Ni sura za watu wa kawaida wa Chicago, walirekodiwa karibu 1,000. Sura iliyokuwepo pale ilikuwa ya mama mmoja wa makamo, uso wa upole.

Mjomba akasogea. Mimi nikasema simama hapo mjomba nikupige, background nzuri, akasimama chini ya kidevu kabisa, akarekebisha tai. Watoto kama ishirini wamevaa nguo za kuogelea wakaanza kukimbilia pale alipo, nikajisemea hawa watoto nao wanapenda kuingia kwenye picha za watu, nikaanza kuwafukuza kwa mkono, hebu tokeni kidogo. Mtoto mmoja akanionyesha kidole juu. Nikamwambia subiri. Yule mama ukutani akaanza kukunja midomo, akaibana kama anataka kupiga mbinja, mjomba akageuka akamwangalia, akasema, "Huyu mama kama anataka kuniambia neno."

Akamwambia.

Maji yalitoka mdomoni kwa yule mama kama bomba limepasuka, yakamshukia mjomba kichwani, watoto wanashangilia, kofia ikaondoka ikawa inaelea kama mtumbwi, na mzee wa watu hakukimbia, alisimama palepale mpaka yakaisha, nadhani heshima ilimkataza. Mimi simu yangu iko kwenye video muda wote. Alipogeuka, maji yanachuruzika puani, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Mpwa wangu, huyu mama nimemkosea nini?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye maji. Na mimi nikalowa, haki sawa.

Cha kwanza alichokagua ni mfuko wa ndani. Pasipoti ina kava la plastiki, na tiketi alikuwa amezichomeka humohumo ndani. Kavu! Akaniangalia kama kusema umeona sasa kwa nini karatasi anatunza mtu mzima.

Tukaanika koti kwenye benchi hadi saa nane na nusu, kisha tukaanza kwenda kwenye boti. Si mbali, mtu mwenye akili anatembea dakika kumi kwenye Michigan Avenue, moja kwa moja, daraja linaonekana. Mimi sasa nikatoa simu nikafungua ramani, ikaonyesha kijia cha mkato, na pembeni nikaona ngazi zinashuka. Nikapiga hesabu: boti iko mtoni, mto uko chini, ngazi zinaenda chini. Tushuke.

Hapa ndo pa kuwaeleza kitu ambacho mimi nilikuja kukijua baadaye, barabara za katikati ya Chicago zina ghorofa. Sitanii. Kuna Wacker Drive ya juu yenye jua na maua na watalii, halafu chini yake kuna Wacker Drive nyingine, na kuna sehemu chini ya hiyo ya chini kuna ya tatu. Jina moja! Na hiyo Wacker inafuata mto ikikunja kwa hiyo kuna Wacker ya kaskazini, ya kusini, ya mashariki na ya magharibi. Aliyekaa akapanga hivyo sijui alikuwa anamkomoa nani.

Kule chini ni dunia nyingine. Giza na taa za njano, nguzo za zege zimejipanga hadi macho yanachoka, malori ya mizigo yanapita sauti inapiga mwangwi, milango ya nyuma ya mahoteli, mapipa ya taka. Setilaiti haikuoni. Kile kidoti cha bluu kwenye ramani kikaanza kuzunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, mara niko barabarani, mara niko ndani ya jengo, kuna wakati niko katikati ya mto. Simu ikasema geuka kulia, kulia ukuta. Tukaenda mbele, tukarudi, tukapita mapipa yaleyale mara ya pili, mjomba anatembea viatu vinalia kwichi kwichi maji. Mwisho simu ikasema umefika.

"Boti iko wapi?"

"Iko hapa mjomba."

"Hapa wapi?"

"Ramani inaonyesha tumesimama juu yake."

Akaniangalia lile angalio. Saa tisa kasoro kumi. Pembeni kulikuwa na ngazi zinapanda na mwanga wa jua unashuka kwa juu, mjomba akazielekea, akasema mimi nafuata jua. Nikamwambia, tena kwa kujiamini, mjomba mto uko chini, huwezi kufika chini kwa kupanda. Akasema basi wewe fuata simu yako mimi nifuate macho yangu, tutakutana. Akapanda. Na mimi kichwa kigumu nikasema moyoni ngoja nimtangulie, nimkute nimekaa kwenye boti nakunywa soda.

Nilizunguka peke yangu kama dakika saba hivi, nakimbia sasa, mpaka nikamkuta jamaa anasukuma mapipa, nikameza kiburi nikamuuliza samahani boti ziko wapi, akanionyesha kidole juu. Nikajua ananitania. Nikauliza tena. Akanionyesha tena juu, halafu akageuza kidole kushuka, kwa ishara, maana aliona huyu maneno hayamwingii. Yaani ili ushuke mtoni lazima kwanza upande barabarani, halafu ndo kuna ngazi nyingine za kushukia kwenye gati.

Nilipanda zile ngazi mbili mbili. Nikatokea kwenye jua, Michigan Avenue, watu kibao, daraja lile pale, nikakimbilia katikati ya daraja nikachungulia chini. Saa tisa na dakika tatu. Boti ndo inaondoka gatini inakuja kupita chini yangu, na sitaha ya juu, mstari wa mbele, nani kakaa? Suti ya kijivu. Pembeni yake kiti kitupu, kaweka kofia, kaniwekea nafasi.

"MJOMBAAA!"

Akainua macho. Akaichukua kofia akainyanyua juu kunisalimia, taratibu, kama rais anaondoka ziarani, akairudisha kwenye kiti changu. Mimi napunga mikono yote miwili nikimaanisha nisubirini, sasa watalii wa kwenye boti wao wakajua nasalimia, boti nzima ikaanza kunipungia, watu zaidi ya mia, wanashangilia kabisa, na watu wa darajani kuona vile nao wakapunga. Nikavuka upande wa pili wa daraja, nikasubiri taa kwanza kama mjinga, nikafika naona kisogo tu.

Boti ile ni saa moja na nusu. Tiketi yangu iko kwenye koti la mjomba. Nikaenda kukaa ng'ambo ya daraja, pale kuna sanamu ya kichwa cha Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi ambaye ndo anatambuliwa kuwa wa kwanza kutoka nje kufanya makazi ya kudumu hapa, miaka ya 1700 mwishoni, na daraja lenyewe lina jina lake. Nilimwangalia sana yule mzee. Alifika mahali hapa hakuna mji, hakuna barabara hata ya ghorofa moja, na hana simu. Na alifika.

Mjomba akarudi amekauka, amependeza, kijitabu kimejaa. Hakunigombeza, ndo ubaya wake. Alianza kunifundisha. Unaona yale maghorofa mawili yamekaa kama magunzi ya mahindi? Yanaitwa Marina City, magari yanaegeshwa ghorofani humohumo. Huu mto unaujua? Zamani ulikuwa unamwaga uchafu kwenye ziwa wanalokunywa maji, mwaka 1900 wakaugeuza uende upande wa pili. Na ile bustani uliyonipeleka nikatemewa mate, ile ni paa, chini yake kuna reli na maegesho ya magari, tulikuwa juu ya dari siku nzima. Kumbe! Kwa hiyo niliposhuka zile ngazi nilikuwa naingia stoo ya mji.

Halafu akafungua ukurasa wa kwanza, akavaa miwani.

"Nilimuuliza yule dada wa kipaza sauti kuhusu treni. Hakuna mafuriko. Ilipandishwa juu miaka ya 1890 kwa sababu huku chini barabara zilikuwa zimejaa mikokoteni ya farasi. Kilichopandishwa kwa sababu ya maji na matope ni mji wenyewe, miaka ya 1850 na 1860 walikuwa wananyanyua majengo kwa jeki, kuna hoteli ilinyanyuliwa wageni wamo ndani. Kwa hiyo nimekupa nusu maksi."

Akaandika kweli. Nusu.

Kurudi aliongoza yeye, kila kona anavua kofia anauliza mtu, kwa Kiingereza chake cha ubaoni, kila mtu anamjibu kwa adabu, mimi nyuma na begi. Kifaranga karudi kazini.

Tumefika nyumbani dada anauliza vipi, mliiona mito na majengo? Mjomba akakaa, akavua viatu, akatoa soksi moja baada ya nyingine, akasema, "Mimi nimeviona. Mwenyeji naye ameuona mto vizuri sana, akiwa darajani."

Dada akaomba video ya yule mama wa mate. Nikafungua simu nikijua angalau hapo nimeshinda. Kumbe wakati nafukuza watoto niligeuza kamera, ni dakika mbili za uso wangu nacheka. Iko kwenye grupu la familia mpaka leo, na huko sina tena jina langu, naitwa Darajani.