Utaitwa Mama Nani?

Mdogo wangu ana mimba ya miezi minane, na wiki iliyopita alinitumia kwenye WhatsApp orodha ya majina 23. Ujumbe wenyewe mfupi: "Shikamoo dada. Nichagulie moja. Nataka la kifahari, ambalo hana mtu mwingine." Nikaipitia nikiwa jikoni, mkono mmoja kwenye mwiko. Sita yalianza na K yakaishia na "lyn". Mawili yalinishinda kutamka hata nilipoyakata silabi kwa silabi. Moja ningeapa nimeliona kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.

Simcheki, maana nami nilipita hukohuko. Kifungua mimba wangu nilimwita Charlene. Nililiokota kwenye tamthilia ya usiku, nikaona linateleza vizuri, limekaa kitajiri. Mtoto hajamaliza arobaini, mtaa mzima unamwita Shali. Na mimi tangu hapo ni Mama Shali: kwa muuza mkaa, kwa mwenyekiti wa mtaa, kwenye daftari la kikoba, kwenye simu ya fundi cherehani. Jina nililopewa na marehemu baba linafanya kazi siku mbili tatu kwa mwaka, nikitoa kitambulisho.

Hilo ndilo wenye mimba ya kwanza hawaambiwi. Ukimchagulia mtoto jina, unajichagulia na lako. Zile orodha za kwenye intaneti zimeandikwa na watu ambao kwao mwanamke akijifungua anabaki na jina lake. Kwetu Tanga habaki nalo. Kwa hiyo kabla hujauliza kama jina litampendeza binti akiwa mwanasheria, jiulize kama wewe utakubali kuitwa hivyo sokoni, ukiwa umejitwika ndoo, na mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara.

Kuna siku nilikuwa kliniki, zamu ya kupima uzito. Mizani imening'inizwa kwenye boriti, watoto wanapokezana kulia. Nesi ana rundo la kadi, anaita: "Mama Fatuma! Mama Ayubu! Mama..." Kimya. Akaisogeza kadi machoni, akairudisha mbali. Mimi nilikuwa benchi la mbele, nikaliona lile jina: lina X, lina Z, lina Y, na H mbili ambazo mpaka leo sijui zilikuwa zinasubiri nini. Akajaribu kulisoma, hakusimama mtu. Akajaribu kwa namna nyingine, wakasimama wawili. Mwisho akachoka: "Wewe mwenye kanga ya njano, njoo!" Mama wa watu akanyanyuka na mwanawe. Alilikeshea jina lile, nina hakika, na siku ya kuitwa mbele za watu likashindwa na kanga.

Jina ni mali ya wanaokuita. Na midomo yetu haina huruma: Abdallah ni Dula, Selemani ni Sele, Ramadhani ni Rama, Hadija ni Dija. Majina ya mitume hayakusalimika, sembuse Kaitlyn. Ndiyo maana mimi naamini uzuri wa jina ni kile kinachobaki baada ya mtaa kuchukua sehemu yake. Zainabu ukimkata unapata Zai, bado ana heshima zake. Charlene nilipokatiwa, nilibaki na kitu kama kiungo cha pilau.

Hapo ndipo wale wa "turudi kwenye majina yetu ya asili" wanapodakia, na nusu nawaunga mkono. Nusu tu. Yetu ya asili nayo yana mambo. Nani kati yenu yuko tayari kumwandikisha mtoto Shida, au Tabu, au Mashaka, eti kwa sababu bibi wa bibi aliitwa hivyo? Siti binti Saad, yule aliyepelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za taarabu, alizaliwa Fumba akaitwa Mtumwa. Ndiyo, Mtumwa. Siti, yaani bibi mwenye daraja lake, ni jina la baadaye, la mjini, na sijui kama sauti ileile ingefika mbali hivyo ikiwa na lile la kwanza.

Na kuna yale yanayong'aa: Almasi, Feruzi, Marijani, Mabruki. Ukiyasikia leo unaona fahari tupu, vito na baraka. Karne ya 19 yalikuwa majina ambayo mabwana wa pwani walipenda kuwapa watumwa wao. Mtu alitoka bara na jina la kwao, akafika huku akavishwa jina la kito, nadhani kwa sababu na yeye alikuwa mali ya kuhesabiwa. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wapo waliojivua majina ya namna hiyo kama mtu anavyovua nguo ya msiba. Leo Almasi ni bwana harusi mwenye suti, na hakuna mgeni hata mmoja ukumbini anayekumbuka. Sisemi msiyatumie. Mimi mwenyewe Feruzi nalipenda. Nasema tu kwamba anayetafuta jina la kifahari kwa kufungua kamusi na kuangalia maana peke yake ameshika mkia.

Marekani nako, wapo wasichana chungu nzima wanaoitwa Imani na Nia, majina mazuri kabisa, na wengine wanaitwa Zuri. Zuri! Kila nikilisikia sikio langu linauliza: zuri nini? Embe? Shamba? Lakini wenyewe wanalipenda, na hakuna anayewaita kwa ngeli.

Yanayonivuta mimi ni majina yaliyobeba siku ya kuzaliwa. Chausiku, aliyekuja usiku. Mwanajuma. Kondo, aliyezaliwa watu wakiwa vitani. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922 mvua ikinyesha, akapewa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Julius alilipata alipobatizwa, 1943. Jina kama hilo halihitaji kusakwa. Unasubiri mtoto afike, unatazama nje ya dirisha. Nilimwambia mdogo wangu hivyo, akajibu kwamba kwa ratiba ya umeme ya siku hizi mwanawe ataitwa Giza.

Basi tukakubaliana nimfanyie jaribio. Juzi jioni, magharibi inakaribia, nikatoka uani na simu mkononi nikaanza kuyaita yale majina yake, moja moja, kwa sauti ileile ya kumwita mtoto aliyezamia kwenye mchezo. Mengi yalifia mdomoni. Jina linalokwisha na konsonanti halivutiki, ukilirefusha linakatika kama uzi. Mama mmoja aliyekuwa anapita njiani akasimama: "Mama Shali, umepotelewa na nani?" Nikamwambia bado hajazaliwa. Akaondoka haraka kidogo.

Orodha ikaisha. Nikaanza kuita ya kwangu, yale ya wazee. Siwema. Johari. Chausiku, ambalo linaitika vizuri sana, jaribuni. Halafu likanijia Mwanakheri, jina ambalo sijalisikia kwa mtoto yeyote miaka yote hii. Nikavuta pumzi: "Mwanakheeeri!"

"Labeka!"

Sauti nyembamba, ya haraka, kama ya binti aliyekuwa akingoja kutumwa dukani. Ilitoka ng'ambo ya ua wa makuti, kwa Mama Hamisi. Tumepakana naye miaka 15, Hamisi mwenyewe ana wajukuu, na wala sijawahi kujiuliza yeye anaitwa nani. Mlango wa nyuma ukafunguka. Akatokeza ajuza wa watu, kanga moja begani, fimbo kaisahau ndani, anaangaza huku na huku.

"Nani ananiita?"