Usiitenge khati na nyumba yake

Watu wakisikia kwamba nakusanya barua za zamani, huniuliza kwanza nina sahihi ya nani. Wanatarajia nitaje Seyyid Barghash, au Tippu Tip, au angalau liwali fulani wa Mombasa. Nikiwaambia kwamba karatasi ninayoithamini kuliko zote ni orodha ya madeni ya mfanyabiashara wa nazi asiyejulikana na mtu, naona nyuso zinapooza.

Nawaelewa. Ulaya na Marekani biashara ya karatasi za kale imesimama juu ya sahihi. Barua ya mistari mitatu isiyosema lolote la maana hupanda bei kwa kuwa chini yake pana jina kubwa, na barua ndefu ya mtu wa kawaida, yenye habari za njaa, ndoa na safari, hupita bila mnunuzi. Kipimo hicho kimeshafika kwetu, kimeletwa na watalii na wauzaji wa vitu vya kale. Naamini hakitufai, na kila nyumba ya zamani inayobomolewa Lamu, Mombasa au Mji Mkongwe inatuonyesha hasara yake.

Kwanza, pwani yetu jina na mkono vilikuwa vitu viwili. Mkubwa hakuandika barua yake mwenyewe. Alisema, katibu akaandika kwa kalamu ya tete, kisha mkubwa akatia sahihi au muhuri. Hata mtu wa kawaida alikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani akamweleza shida yake, na mwalimu akaipanga kwa salamu ndefu za Kiarabu kabla ya kuingia kwenye Kiswahili chenyewe. Kwa hiyo anayetafuta sahihi tu anaitazama sehemu ndogo kabisa ya khati, yaani karatasi yenyewe iliyoandikwa kwa mkono. Hamwoni mwandishi, wala hajui kwa nini hati mbili za watu wasiojuana zina mwandiko mmoja. Hajiulizi ni kwa nini herufi ya mwisho imevutwa vile, wala karatasi ilitoka wapi.

Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, khati hazikukaa peke yake. Zilikaa kwa furushi, ndani ya kasha au mfuko wa kitambaa, za nyumba moja na ukoo mmoja. Ukilifungua furushi likiwa zima, unaanza kuyaona majina yakirudi. Shahidi katika hati ya shamba ndiye mdaiwa katika karatasi ya pili, na katika ya tatu ndiye anayeandika kutoka Barawa akiomba aoneshewe huruma mpaka msimu ugeuke. Bei ya minazi inatajwa kwa riale, baadaye kwa rupia, na kwa badiliko hilo tu unaweza kukisia karatasi isiyo na tarehe iliandikwa lini, kabla au baada ya nyingine. Khati moja ni sauti ya mtu mmoja. Furushi ni mtaa mzima.

Sasa fikiria yanayotokea mzee akifa. Vijana wa nyumba hawasomi tena Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na si kosa lao, maana shule haikuwafundisha. Furushi linapelekwa dukani. Muuzaji analifungua na kuchambua: zenye muhuri anazitia fremu za kioo, zenye mapambo anazitenga kwa wageni, na zilizobaki, zile za madeni na salamu na ugomvi wa mipaka, anazitoa bure au anafungia bidhaa. Baada ya juma moja hakuna binadamu anayeweza kuunganisha tena mtaa ule. Ile yenye muhuri, iliyosafiri mpaka ukuta wa nyumba fulani Ulaya, haina tena nyumba wala ndugu.

Tazama zile zilizosalia, uone zimesalia kwa sababu gani. Barua za Kiswahili za zamani kabisa tunazozijua ziko Goa, India, katika hifadhi ya nyaraka za Wareno. Ziliandikwa Kilwa kwa herufi za Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 18, za mapema zikiwa za 1711. Hazikuokolewa kwa uzuri wake. Ziliokolewa kwa sababu ofisi iliyozipokea ilizihifadhi pamoja na mafaili mengine ya shughuli ile ile, na kwa hiyo leo tunajua nani alimwandikia nani na katika mambo gani. Huku kwetu, ambako zilitumwa nyingi zaidi ya hizo, unyevu, mchwa na chumvi ya bahari vilikula kimya kimya.

Au mchukue Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mnamo 1840. Beti zake nyingi tunazo leo kwa juhudi za Mwalimu Sikujua, ambaye mwishoni mwa karne ya 19 alimsaidia mmisionari W. E. Taylor kuzikusanya. Beti zile zimejaa mafumbo ya siasa za Mombasa, Wamazrui walioutawala mji huo na Seyyid Said wa Oman. Lau zingeachwa tupu, bila maelezo ya nani alikuwa akijibiwa na kwa kisa gani, nusu yake tungekuwa tunazikariri bila kujua zinasema nini. Karatasi zile sasa ziko London, chuoni SOAS. Nasikitika kwamba ziko mbali, lakini hata huko zinasomeka, kwa sababu wakusanyaji wake waliandika maelezo.

Mkusanyaji anayeanza namshauri amsome sana Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki 1945. Alikuwa mshairi, mchonga milango na mwandishi wa mkono mzuri ajabu, na alinakili tenzi nyingi kwa ajili ya wasomi wa Kizungu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Nakala zake zimetapakaa London, Hamburg na Berlin. Kwake utajifunza jambo ambalo wauzaji wengi hawakuambii: umri wa utenzi si umri wa karatasi. Utenzi unaweza kuwa wa karne ya 18 na nakala ikawa ya 1930. Hilo haliifanyi nakala kuwa ya uongo. Linaifanya kuwa kazi ya Kijuma, na ina heshima yake. Uongo huanza pale muuzaji anapoichovya karatasi kwenye chai iwe kahawia na kuiita ya miaka mia tatu.

Kwa hiyo tazama karatasi kabla ya maneno. Iinue kwenye mwanga wa dirisha. Karatasi nyingi zilizofika pande zetu kwa vyombo vya biashara zilitengenezwa Italia, na mara nyingi utaona ndani yake alama ya miezi miandamo mitatu iliyopangwa kwa ukubwa. Ukiona mistari ya daftari la shule iliyochapwa kwa mashine, umeshajua uko karne gani. Wino wa masizi na gundi hubaki mweusi miaka na miaka, lakini wino wenye chuma hugeuka rangi ya kutu na mwisho hula karatasi yenyewe, ukaacha tundu pale palipokuwa na herufi. Kisha tafuta ukurasa wa mwisho. Mwandishi mwema huweka hapo jina lake, tarehe ya Hijria, na ombi kwa msomaji amwombee. Ni maneno machache tu, na mimi huyaanza kuyasoma kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhusu utunzaji nitasema kwa ufupi, maana mambo yenyewe ni machache. Usigandishe kwa selotepu. Usiifunge khati ndani ya plastiki ya moto kama kitambulisho, kwa sababu hutaweza kuitoa tena. Usiitundike palipo na jua. Ikae kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, mahali pakavu, juu ya kabati na si sakafuni, na mara moja kwa mwezi ifunuliwe itazamwe kama wadudu wameingia.

Sheria nayo ina pengo la kujiuliza. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya Kenya, ya mwaka 2006, inapotaja kitu cha kale inasema ni kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, lakini katika tafsiri hiyo hiyo imeviacha nje vitabu na hati. Nyaraka zimeachiwa sheria yake nyingine, ile ya hifadhi ya nyaraka za taifa. Mtu wa kawaida, na nadhani hata askari wa forodha, anajua kwamba kuuza nje kigango, ile nguzo ya Wamijikenda ya kumkumbuka marehemu, ni kosa. Barua ya babu yake haihesabu katika mambo hayo.

Najua nitaambiwa: wewe unasema hivyo kwa kuwa una uwezo, mwenye njaa atafanyaje? Hoja hiyo ni ya haki. Furushi ni mali, na mwenye nyumba ana haki ya kupata chake. Ndiyo maana nimefikia msimamo wa kulipia picha badala ya karatasi. Nampa mwenye nyumba pesa anipe ruhusa ya kupiga picha furushi zima, kurasa zote, mbele na nyuma, pamoja na bahasha na zile karatasi tupu zilizokunjwa katikati. Asili inabaki kwenye kasha lake. Naweka rula pembeni ionekane ukubwa wa khati, natumia mwanga wa dirisha bila taa ya simu, na picha zote nampa nakala. Ninanunua asili pale tu ambapo nyumba inavuja au inauzwa, na hapo nanunua furushi lote. Muuzaji akiniambia nichague tatu nzuri, naondoka.

Kwamba njia hii inawezekana kwa kiwango kikubwa, Lamu wameshatuonyesha. Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na mwanachuoni Habib Saleh, una hazina ya vitabu vya mkono, na vimepigwa picha kwa msaada wa mradi wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini. Picha zinasomwa na yeyote duniani mwenye intaneti. Vitabu vyenyewe viko Lamu, mikononi mwa wenyewe. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Muscat anavisoma bila mtu wa Lamu kunyang'anywa chochote. Sioni kwa nini nyumba za Pate, Siyu, Pemba na Bagamoyo zisipate hadhi hiyo hiyo.

Ipo aina moja ya karatasi ambayo kwangu haina bei: hati za uhuru. Zanzibar, baada ya amri ya 1897 ya kuondoa utumwa, mtumwa aliyetaka uhuru alitakiwa aende mahakamani akauombe. Upande wa bara, Wajerumani walitoa hati zao wenyewe. Ni karatasi ndogo, yenye jina la mtu, jina la aliyemmiliki, na pengine kabila au nchi alikotolewa. Kwa wajukuu wengi hiyo ndiyo karatasi pekee duniani inayomtaja bibi yao kwa jina. Nimeona hati ya namna hiyo ikiuzwa ikiwa kwenye fremu, kama pambo la ukumbi, na sikuweza kuvumilia kuitazama. Hati kama hizo mahali pake ni kwa kizazi cha mwenyewe, na kama hakijulikani basi ni katika Nyaraka za Taifa, Kilimani kwa Unguja au Upanga kwa Dar es Salaam, ambako mjukuu anaweza kuja kuitafuta.

Msidhani pia kwamba ninazungumzia herufi za Kiarabu peke yake. Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, barua kuanzia 1931 hadi 1958. Mdogo mtu akazitunza. Miaka mingi baada ya mshairi kufariki 1962, barua zile zilichapishwa, na ndani yake tukamkuta mtumishi wa serikali anayehangaika na fedha, uhamisho na malezi, akiwa katika lugha ile ile tuliyoizoea kwenye vitabu vyake. Hakuna mnada uliozitoa. Alizitoa ndugu aliyejua kila jina lililotajwa mle, na kwa hiyo zimetufikia zikiwa na watu wake.

Vivyo hivyo kwa zile barua nyepesi za buluu za ndege, zilizokunjwa zikawa bahasha zenyewe kwa zenyewe. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi za Unguja na Pemba zilitawanyika, wengine Muscat, wengine Dubai, wengine Uingereza, na kwa miaka mingi karatasi ile ndiyo iliyobeba vifo, harusi na picha za watoto. Hazijafika umri wa kuitwa za kale, hazina muhuri wa sultani, na hakuna mnunuzi anayeziulizia. Ndizo zinazochomwa leo wakati wa kusafisha nyumba. Kama mama yako bado anazo, kaa naye jioni moja na simu. Mwombe azisome kwa sauti huku unarekodi, na kila akitaja jina, muulize ni nani, alikaa mtaa gani, na amezikwa wapi. Yaandike majibu kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, si juu ya barua, uiweke ndani ya bahasha hiyo hiyo. Zipige picha kwa mpango ule ule alioziweka yeye, hata kama kwako hauna maana. Huenda alizipanga kwa mtu, au kwa safari, au kwa mwaka wa msiba, na hilo nalo muulize.