Faili lilelile, mnara uleule

Juzi usiku mtoto wa dada yangu aliyeko Wete kaniandikia: "Shikamoo mjomba. Mitihani ya nyuma haifunguki, naambiwa sina salio." Yuko kidato cha nne. Bando lake ni la WhatsApp tu, ndilo analolimudu mama yake, na lilikuwa halijatumika hata nusu. Nikaifungua tovuti hapa Rotterdam, nikapakua mtihani wa Hisabati, nikamrushia kwa WhatsApp. Ukaingia papo hapo. Faili lilelile, uzito uleule, mnara uleule wa Wete! Akilifuata mwenyewe anazuiwa, likipitia kwangu linaruhusiwa.

Hapa Uholanzi jambo hili lilishapiganiwa. Mwaka 2011 kampuni ya simu ya KPN ilitangaza kuwatoza wateja zaidi kwa kutumia WhatsApp na Skype. Watu wakaja juu, na mwaka 2012 ikapitishwa sheria ya kukataza, ya pili duniani baada ya Chile. Tangu 2016 ni kanuni ya Umoja wa Ulaya nzima: ukishanunua intaneti, kampuni haikuchagulii pa kuingia. Septemba 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja huo ikasema hata vifurushi ambavyo programu fulani hazili data vinavunja kanuni hiyo. Kesi moja ilitokana na wateja kunyimwa nafuu hiyo wakiwasha hotspoti, yaani kugawa intaneti ya simu kwa vifaa vingine.

Najua gharama ipo. Nyaya za intaneti za baharini, SEACOM na EASSy, zilipokatika Mei 2024, sote tuliona intaneti ya nchi ilivyozorota. Na mnara mmoja usiku unabebeshwa mtaa mzima. Basi giga iuzwe kwa bei yake. Lakini giga ni giga, na aliyeinunua ndiye mwenyewe.

Shemeji yangu ana duka la kuchapa na kutoa kopi huko Chake. Aliuziwa intaneti "bila kikomo". Haujafika mwisho wa mwezi, ukurasa mmoja ukawa unachukua dakika nzima kufunguka na wateja wamesimama mlangoni. Alipopiga simu ndipo akaambiwa kuna kiwango cha matumizi, amekivuka. Hapa pia laini ya bila kikomo huwa na kiwango chake, ila changu nilikisoma kwenye mkataba kabla ya kutia saini. Yeye hakuonyeshwa popote, na hilo kwangu ni kudanganywa.

Mawasiliano ni jambo la Muungano, haliamuliwi Chukwani kwenye Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Wenye kulisema ni wabunge tuliowapeleka Dodoma, na wa kuulizwa ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Wanaokuja kutuomba kura Pemba nawaomba walibebe hili kwa uzito wanaoupa umeme na maji, kwa sababu mtoto wa skuli siku hizi anavihitaji vyote vitatu.

Mtihani wa Taifa ni Novemba. Jana nimemtumia Fizikia na Kemia, na bado ana masomo matano hatujayagusa.