Ngamia Kariakoo Anatafuta Nini?

Kila Ramadhani inapokaribia, simu yangu hujaa ngamia. Huja wamejipanga mstari juu ya vilima vya mchanga, nyuma yao pana mwezi mwandamo wa dhahabu, juu yao zinaning'inia fanusi za Kimisri, na chini kabisa, kwa herufi zilizobanwa hadi zikakaribia kutosomeka, pameandikwa kwamba duka fulani la vifaa vya ujenzi la Kariakoo au Buguruni linawatakia wateja wake mfungo mwema. Safari hii nimetumiwa matangazo ya namna hiyo na wafanyabiashara wasiojuana kabisa, na ngamia walikuwa ni wale wale, kwa idadi na kwa mwendo. Kilichobadilika ni nembo na namba ya simu tu.

Wafanyabiashara siwalaumu, kwa kuwa kazi yao ni kuuza saruji. Ninaowakusudia ni vijana wanaoanza kazi ya ubunifu wa grafiki, ambao wengi wao wakinikuta huniuliza swali moja: "Kaka, mawazo mnayatoa wapi?" Ukiwageuzia swali na kuwauliza wao huyatoa wapi, hutaja Pinterest, Behance na Canva, yaani mitandao ya picha na mifano ya ubunifu, kisha hunyamaza, kana kwamba macho yao hayafanyi kazi mpaka kwanza wapate bando.

Mtambo wa Pinterest umeundwa ili ukuletee kinachofanana na ulichokwisha kukibofya, kwa hiyo anayebofya fanusi moja leo ataletewa fanusi nyingine kesho na keshokutwa, naye atadhani anapanua upeo wake ilhali anazunguka palepale. Lakini lililo baya zaidi ni kwamba kila picha unayoiona humo ni jibu la swali la mtu mwingine. Yule aliyewachora wale ngamia alikuwa na maneno mawili mafupi ya kuweka, labda "Ramadan Kareem", akayapa nafasi ya maneno mawili. Wewe mteja wako amekupa "Uongozi na wafanyakazi wote wanawatakia Waislamu wote mfungo mwema wa mwezi mtukufu wa Ramadhani", na kwa sababu hutaki kumgusa ngamia, unazipunguza herufi.

Sasa nenda kabatini kwa mama, omba kanga moja yenye jina refu, yaani yale maneno yaliyochapwa juu yake, uitandike sakafuni na uitazame kama mtu asiyewahi kuiona. Aliyeichora alipewa masharti magumu kuliko yako: kitambaa cha karibu mita moja na nusu kwa mita moja, rangi chache kwa sababu kila rangi inayoongezwa huongeza gharama ya uchapaji, na juu ya hayo sentensi nzima ya Kiswahili, tena yenye kijembe, ambayo jirani anapaswa kuisoma wakati mwenye kanga anapita uani bila kusimama. Tazama alivyoyamaliza. Pindo limezunguka pande zote nne na limejazwa michoro hadi pomoni, ili mji ulio katikati upate kupumua. Jina limewekwa ndani ya mji, upande wa chini, katika kisanduku chake lenyewe, kwa herufi kubwa zisizo na madoido, na hakuna ua wala jani lililoruhusiwa kuvuka mpaka huo. Hakuna aliyeikata methali ili ienee kwenye mchoro. Mchoro ndio uliosogea. Ukilielewa hilo peke yake, ukalirudisha kwenye tangazo la yule muuza saruji, tayari umewapita wengi waliojaza picha elfu katika simu zao.

Halafu shuka chini zaidi, ukingoni mwa kitambaa. Ukibahatika kuwa na leso ya Mombasa, maana huko kanga huitwa leso, huenda ukakuta maneno "Mali ya Abdulla", alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza mwaka 1887. Ni herufi ndogo, hazina kivuli wala mng'ao, na hazigombanii nafasi na jina, lakini akina mama wa pwani nzima wanazitambua. Mteja atakayekuambia "ikuze nembo kidogo" kwa mara ya nne, mwonyeshe ukingo huo. Na kama unadhani rangi tatu ni umaskini, tafuta kisutu, ambacho kwa wekundu, weusi na weupe tu kimekuwa vazi la bibi harusi kwa vizazi, na mara nyingi hata jina hakina.

Sisemi uchukue picha ya korosho za kanga, yale maumbo yaliyopinda mfano wa korosho, uibandike nyuma ya kila nembo. Hoteli za kitalii zimekwisha kutufanyia hisani hiyo, na matokeo yake tumeyaona kwenye vitambaa vya meza. Ninachokiomba ni kazi ya penseli. Chukua daftari la hesabu lenye miraba, pima pindo limekula sehemu gani ya upana wote, lichore upya kwa mkono, uone kona zinakutana vipi, maana kwenye kona ndipo mchoraji hodari anapojulikana na ndipo mvivu anapoumbuka. Picha za simu nazo piga, sizikatazi, ila zipange kwa tatizo lililotatuliwa na wala si kwa uzuri: maneno marefu, rangi mbili, kona, kitu kisomekacho kwa mbali. Siku mteja akija na maneno yake mengi, utafungua folda ya maneno marefu badala ya kuandika "beautiful poster" na kumwachia mtambo afikiri kwa niaba yako.

Vitu vingine vimejaa njiani. Kuna vibao vya saluni vilivyoandikwa kwa brashi, ambavyo fundi alianza na herufi pana za kujidai, akagundua katikati kwamba ubao haumtoshi, na zile mbili za mwisho zikasimama zimebanana kama abiria wa mlangoni. Hilo nalo ni somo la kupanga nafasi, tena la bure. Kuna jamvi unalofuturia, lenye kili, yaani mikanda ya majani iliyosukwa, zilizoshonwa ubavu kwa ubavu hadi mstari ukazaa umbo. Na kama ni lazima tangazo la Ramadhani liwe na kitu cha Kiislamu, basi pale Kizimkazi, Unguja, upo msikiti ambao kibla chake kimezungukwa na maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, yaliyochongwa yakachipua majani. Na Kilwa Kisiwani umo Msikiti Mkuu wenye nguzo na kuba za mawe. Miskiti hiyo iko kwetu, na bado dizaina wa Temeke anakwenda kuazima minara ya Istanbul.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba huko mtandaoni kuna ya kujifunza, hasa ufundi: namna ya kugawa ukurasa, namna ya kuoanisha fonti, namna kazi ya mtu ilivyopita hatua kwa hatua kabla haijafika mwisho. Nakubali pia kwamba hoja ya "chetu" na "chao" haiendi mbali, kwa sababu leso yenyewe ilianzia kwenye vitambaa walivyoleta Wareno, na kanga zimechapwa India, Uholanzi na Japani kabla ya kiwanda chetu cha nguo cha Urafiki kufunguliwa mwaka 1968. Kilichozifanya ziwe zetu ni kwamba wachoraji walisikiliza wavaaji wanataka nini. Ngamia wa simu yangu hakumsikiliza mtu yeyote.

La mwisho linahusu mtindo wa uchoraji wa Tingatinga, kwa kuwa najua ndiko wengi mtakakokimbilia mkishamaliza kusoma hapa. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, juu ya vipande vya hadibodi na kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, na zile rangi kali mnazozipenda zilitoka kwenye makopo yaliyokuwapo dukani. Jifunzeni kwake namna ya kutumia kilichopo. Lakini kupiga picha chui wa mtu, kumfuatisha kwenye programu ya kuchorea ya Illustrator na kumuuza kwa kampuni ya maji ya chupa ni wizi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999. Wachoraji wenyewe wanafikika, wako Oyster Bay na kazi zao zimetundikwa ukutani; mteja akiutaka mtindo huo, weka malipo ya mchoraji kwenye makadirio ya gharama, mpe achore mwenyewe, na jina lake libaki pale alipoliandika.