Skuli ya mwanangu ina siku ya Hija, lakini haina Maulidi

Alhamisi moja ya Mei 2025 nilimpeleka mwanangu skuli amevaa taulo mbili nyeupe, moja kiunoni na nyengine begani, na ndani nimemvalisha suruali ya michezo maana asubuhi za hapa Birmingham zina baridi mpaka jua lipande. Kituoni, bibi mmoja wa Kiingereza akamuuliza kama anakwenda kuogelea. Akamjibu, "Ninakwenda Makka."

Ilikuwa siku ya Hija. Alikuwa darasa la pili katika skuli ya msingi ya Kiislamu, na kila mwaka, karibu na Mfunguo Tatu, mwezi wa Hija, masomo ya kawaida huwekwa pembeni siku nzima. Katikati ya ukumbi walijenga Kaaba ya maboksi, ndefu kuliko mwalimu, wakaivisha kitambaa cheusi na utepe wa dhahabu ulioshonwa na wazazi. Watoto wakaizunguka mara saba, mwalimu akiwahesabia kwa sauti. Wakafanya sai, yaani kwenda na kurudi baina ya vilima viwili, huku benchi la Safa, kule benchi la Marwa. Uwanjani wakalala dakika chache kwenye mahema ya mashuka, hiyo ndiyo Mina, kisha wakakaa kimya kwenye nyasi kila mmoja akinong'ona dua yake, hiyo ndiyo Arafa. Mawe ya kurushia nguzo tatu yalikuwa karatasi zilizofinyangwa, ili asiumie mtu.

Jioni, nikimkunjia taulo zile, akaniambia neno ambalo sijalisahau. "Mama, Bi Hajara hakukimbia kwa sababu alikuwa anahiji. Alikimbia kwa sababu mtoto wake alikuwa analia."

Nina miaka thelathini na minane. Nimesoma Qur'ani chuoni Kikwajuni, mjini Unguja, tangu sijaota meno ya ukubwani, na skuli ya serikali Unguja nilisomeshwa dini na Kiarabu kama somo, na mtihani juu. Nguzo tano nilizitaja bila kukwama. Lakini habari ya mama yule wa Nabii Ismaili kukimbia baina ya vilima akimtafutia maji mtoto mwenye kiu hakuna aliyenikalisha akanieleza ikaniingia. Sisi tulihifadhi. Tulikaa juu ya jamvi, juzuu mapajani, mwili ukienda mbele na nyuma, na ukikosea bakora ilikuwa karibu. Maana ilitufikia baadaye sana, na wengine haikuwafikia. Kwa hili skuli ya huku imenipa kitu ambacho nisingeweza kumpa mwanangu peke yangu, na naishukuru.

Wala skuli hizi hazikuja kwa urahisi. Islamia ya London, aliyoianzisha Yusuf Islam mwaka 1983, na nyengine ya hapa hapa Birmingham ndizo zilizokuwa za mwanzo kukubaliwa kulipiwa na serikali, na hiyo ilikuwa 1998. Skuli za Kanisa na za Kiyahudi zilikuwa zikilipiwa siku nyingi. Wazazi waliopigania hayo wengi wao sasa ni mababu na mabibi, na wajukuu wao ndio wanaozunguka Kaaba ya maboksi.

Sasa nije kwenye kinachoniuma.

Mwaka wa kwanza wa mwanangu pale, ulipokaribia Mfunguo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, nilipiga simu ofisini kuuliza Maulidi yatasomwa lini na sisi wazazi tulete nini. Nilikuwa nimeshapanga kichwani: mimi nitaleta halua, fulani ataleta kaimati, kanzu ya mtoto ipo. Nikaambiwa kwa upole kuwa skuli haisomi Maulidi. Familia zinatoka nchi nyingi na zina mitazamo tofauti juu ya jambo hilo, kwa hiyo badala yake kutakuwa na wiki ya Sira, yaani maisha ya Mtume. Na wiki hiyo kweli ilikuwapo. Watoto walichora ramani ya safari kutoka Makka kwenda Madina, wakabandika ukutani mti wa nasaba ya Mtume, kila darasa likaandika tabia moja ya Mtume na namna watakavyoiiga. Kazi nzuri. Nilisimama mbele ya ukuta ule nikausoma wote, na machozi yakanilenga.

Maana mimi Maulidi hayakunifikia kwa karatasi ya ukutani. Yalinifikia kwa pua. Yalianza mchana, bibi na wenzake wamekaa barazani wanafunga vikuba vya asumini na mrehani, mikono inakwenda na midomo inakwenda. Chetezo kinapita na udi, unainamisha kichwa moshi uingie kwenye nywele. Barzanji, kile kitabu cha Maulidi, inasomwa na sisi watoto tunasinzia, tunapigana viwiko, tunaulizana kama pilau ishaiva. Halafu inafika kiamu. Watu wote wanasimama kwa pamoja, wazee kwa watoto, hata yule babu aliyekuwa hawezi kusimama ila kwa mkongojo, na mtu anapita na mrashi anakunyunyizia mawaridi usoni. Baridi ya yale maji mpaka leo naisikia. Sikujua hata neno moja la Kiarabu lililosomwa, lakini nilijua bila kufunzwa kwamba huyu anayetajwa ni mtu anayependwa sana, kwa sababu nilikuwa nawatazama watu wazima wakimpenda.

Na khitma vile vile. Nilipohitimu msahafu nilikuwa na miaka kumi. Hakuna karatasi ya ratiba iliyokuja nyumbani. Maalim alimtuma mtoto mwenzangu kumwambia mama, "Wenu amemaliza," na mtaa mzima ukajua kabla ya magharibi. Majirani walileta masinia, baba akampelekea maalim kanzu mpya, na mimi nikasoma sura za mwisho mbele ya watu, sauti ikinitetemeka, huku wanawake wakiitikia nyuma ya pazia.

Nimeifikiria sana tofauti hii, na hivi ndivyo ninavyoiona. Skuli ya huku imekusanya Waislamu wa dunia nzima chini ya paa moja: Wapakistani, Wabangali, Wasomali, Wayemeni, Wagambia, Waturuki, na sisi wachache wa pwani. Ili watoto hao wasome pamoja, skuli inashika yale ambayo wote tunakubaliana. Hija, Ramadhani, Idi mbili, Sira. Hayo ndiyo shina, na inayafundisha vizuri kuliko tulivyofundishwa sisi. Ila namna kila watu walivyoipenda dini yao kwao, harufu yake, chakula chake, sauti yake, hiyo haiingii kwenye ratiba. Haiwezi kuingia. Mwalimu mkuu akitaka kumridhisha Mzanzibari kwa Maulidi atamkwaza mzazi mwengine, na simlaumu. Lakini nikinyamaza, mwanangu atakua Mwislamu mzuri asiye na kwao.

Hili nawaambia khasa wenzangu tulioko huku, wa Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu na Ngazija. Wengi wetu tumelipokea jina la skuli ya Kiislamu kama mtu aliyetua mzigo. Tunamshusha mtoto getini tunasema dini ishashughulikiwa. Haijashughulikiwa. Imeshughulikiwa nusu, na ile nusu nyengine hakuna skuli duniani itakayoijua isipokuwa tukiibeba sisi.

Na mlango upo. Mwaka ule ule wa 2025, siku ya vitabu ambayo huku husherehekewa kila Alhamisi ya kwanza ya Machi iliangukia wiki ya kwanza ya Ramadhani. Kila mtoto huja amevaa kama mtu wa kwenye hadithi anayoipenda. Madukani nguo zilijaa, lakini nikamwambia mwanangu, wewe utakuwa Abunuwasi, yule mjanja wa hadithi zetu. Nikamvisha kanzu na kofia ya vito ya marehemu babu yake, nikampa sufuria kubwa na sufuria ndogo. Mwalimu hakuwahi kumsikia Abunuwasi, akamwomba asimulie. Akasimulia: Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kijisufuria ndani yake, akasema imezaa, jirani akafurahi akachukua. Mara ya pili akaazima, asirudishe, akasema imekufa. Jirani akapiga kelele, sufuria inakufaje? Akaambiwa, uliyekubali kuwa inazaa, kwa nini ukatae kuwa inakufa?

Kabla hajamaliza, mtoto wa Kipakistani akaruka, "Huyo ni Mulla Nasruddin!" Na wa Kituruki akasema hapana, ni Hoca, bibi yangu ananihadithia. Mwalimu akawaacha wabishane, kisha akatundika ramani, wakachora mstari kutoka Anatolia mpaka Bara Hindi mpaka Zanzibar, sufuria moja inasafiri. Mwanangu alirudi nyumbani amenyooka mgongo. Siku hiyo ya vitabu haikuwa yetu wala ya Kiislamu, na ndiyo iliyomfanya ajue kuwa cha kwao kina ndugu kila mahali.

Novemba wanapokumbuka askari waliokufa vitani ilikuwa hivyo hivyo. Skuli ilifundisha juu ya askari Waislamu wa Bara Hindi waliopigana vita vya kwanza vya dunia, somo zuri lililowapa watoto wengi fahari. Wapagazi wa Afrika Mashariki hawakutajwa. Nikamweleza mwanangu nyumbani kwamba lile soko la Kariakoo la Dar es Salaam limepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps kwa lugha yao, watu waliobeba mizigo ya vita vile vichwani na mabegani, wakafa wengi kwa maradhi na njaa. Kesho yake akamwambia mwalimu. Mwalimu akaniandikia kuniomba maelezo zaidi.

Kwa hiyo ulipokuja Mfunguo Sita uliofuata, sikupiga simu ofisini. Tulikodi ukumbi wa mtaa familia tisa, tukasoma Maulidi wenyewe. Udi tulifukizia nje mlangoni, kila anayeingia anapitishwa, kwa sababu ndani kuna king'ora cha moshi. Asumini hazikupatikana. Mrashi ulikuwapo, nilikuja nao kutoka nyumbani umefungwa kwenye kanga, na ulipofika kiamu nilimwona mwanangu amefumba macho anasubiri zamu yake ya mawaridi. Mwalimu wake wa darasa, mama wa Kibangali, tulimwalika akaja. Kwao pia wanasoma, akasema, ila kwa qasida nyengine.

Na nyumbani nako nina la kusema, maana si kila kibaya kiko ugenini. Dada yangu hunitumia video za skuli ya kibinafsi ya Kiislamu anakosoma mtoto wake Unguja. Mwezi uliopita ilikuwa mahafali ya chekechea: watoto wa miaka sita wamevaa majoho na kofia za mraba, maputo, keki ya ghorofa tatu, mpiga picha, na mchango ambao dada yangu aliukopa. Nikamuuliza, na khitma? Akasema siku hizi wanapewa cheti tu. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Sisi huku tunatafuta asumini hatupati, na wenzetu waliozungukwa nazo wanaagiza maputo.

Wakitaka kuiga, waige ile siku ya Hija. Maboksi hayana gharama na mashuka yapo kila nyumba. Wala kumfundisha mtoto kwa vitendo si jambo la kuletewa kutoka Ulaya. Mwaka 1986, Liwatoni, Mombasa, Bi Swafiya Said alikuwa keshaanza chekechea ya Kiislamu ambamo mtoto anajifunza kwa kucheza, kwa vifuu vya nazi, mbegu na vifuniko vya chupa, na Qur'ani yake hapo hapo, na mpango ule ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Mtoto anaweza kuujua mwendo wa Bi Hajara na bado akahitimu mbele ya mtaa wake. Kwetu vyote viwili vinawezekana mahali pamoja, jambo ambalo huku hatulipati hata kwa fedha.

Wiki iliyopita imekuja barua nyengine. Skuli inaandaa siku ya mababu na mabibi: kila mtoto aje na mzee wake, aonyeshe kazi ya mikono aliyofunzwa zamani. Mwanangu aliisoma akaniangalia bila kusema kitu. Nikamwandikia mwalimu kwamba bibi yetu yuko Kikwajuni, naye akajibu kuwa ukutani kuna skrini kubwa, bibi aje kwa simu. Tumekubaliana saa nne asubuhi ya huku, ambayo kule ni saa saba mchana, ameshaswali adhuhuri.

Nilipompigia mama kumweleza, swali lake la kwanza lilikuwa watoto ni wangapi. Thelathini, nikamwambia. Akanyamaza anahesabu. Kisha akasema ameshaongea na jirani mwenye asumini, atachuma alfajiri kabla hazijachanua, na atawafungia kikuba mbele ya macho yao, polepole, mpaka waone uzi unapopita.