Sare za Zambarau

Kamati ya harusi ya binti wa shangazi yangu ilikaa vikao vitatu kujadili rangi ya sare peke yake, na shangazi alishindwa katika vyote vitatu. Yeye alitaka buluu. Mama mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mweka hazina, alitaka zambarau, na wajumbe, kwa kumheshimu aliyeshika mfuko, wakapiga kura ya zambarau. Vitambaa vikanunuliwa, vikashonwa, vikavaliwa, na shangazi akavaa gauni lake huku akimweleza kila aliyekaa karibu naye ukumbini kwamba amelivaa kwa ajili ya mtoto tu.

Mimi nilikuwa mjumbe wa picha. Mpiga picha aliyeitwa alitaja bei ya kupiga, kusahihisha na kuchapa albamu, na kikao kizima kikanyamaza kama watu waliosikia habari ya msiba. Hapo ndipo niliponyosha mkono nikasema kwamba bwana huyo apige picha tu na kutukabidhi mafaili, usahihishaji na uchapaji niachiwe mimi. Nilisema hayo nikiwa sina printa, na kompyuta yangu ilikuwa ile ya zamani ambayo ukiiwasha unapata muda wa kuoga. Lakini nilikuwa nimesoma makala mbili.

Kutoka katika makala hizo nilielewa kwamba rangi za skrini huundwa kwa kuchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, yaani RGB. Kwamba kuna vipimo vinavyoeleza skrini inaweza kuonesha rangi nyingi kiasi gani, kimojawapo kikiitwa sRGB, cha mwaka 1996, na kingine Adobe RGB, cha mwaka 1998, ambacho ni kipana zaidi hasa upande wa kijani. Na kwamba mtu anayetaka kuchapa picha lazima awe makini sana na jambo hilo. Yote hayo niliyaelewa nikiwa kitandani. Nilipofika Kariakoo nilikuwa nimebaki na herufi tatu tu.

Zamu yangu ya upatu ilikuwa imefika, kwa hiyo niliingia katika duka moja la Mtaa wa Aggrey nikiwa na shilingi 3,000,000 na sauti ya mtu anayejua anachokitaka. Nilimwambia kijana wa pale kwamba ninahitaji kompyuta ya kazi za picha, na kwamba sitakubali kitu chochote kisicho na RGB ya kuaminika.

"Bosi, RGB ndiyo hii," akajibu, akabonyeza swichi.

Mashine ilikuwa na ubavu wa kioo, na ndani yake feni nne zikaanza kuzunguka zikiwaka nyekundu, kijani na buluu, kisha zambarau, kisha rangi ambazo sijui hata kama zina majina. Kumbukumbu za RAM nazo zikawaka. Nilisimama pale nikaamini kwa moyo mmoja kwamba ninaziona kwa macho yangu zile rangi zilizoandikwa katika makala. Simlaumu yule kijana hata kidogo, maana nilimuuliza kama ina RGB, naye akanionesha.

Akaniongezea monita ya michezo ya kompyuta, ambayo, kwa maelezo yake, huonesha picha mara 144 kwa sekunde. Nililipa bila kujiuliza bibi harusi aliyesimama kando ya keki ana haja gani ya kuoneshwa mara 144 kwa sekunde wakati hatikisiki. Fedha zilizosalia zilitosha printa ya matangi ya rangi nne na pakiti mbili za karatasi ya picha. Nikapanda bajaji hadi Tabata nimeikumbatia ile mashine, na kila tuliposimama kwenye foleni ya Buguruni watu walichungulia wakidhani nimebeba tanki la samaki.

Nyumbani niliiweka katika chumba kidogo chenye kuta nyeupe. Watoto wa mtaa walikuja kuitazama siku mbili mfululizo. Mimi kizunguzungu kilinishika, kwa kuwa taa zile zilibadilika kila baada ya muda mfupi, hivyo nikatafuta namna ya kuzituliza, nikazigandisha kwenye buluu. Chumba kizima kikawa buluu tulivu kama chini ya maji ya Kigamboni asubuhi. Balbu ya darini nikaizima ili nisibabaishwe, mwangaza wa monita nikaupandisha hadi mwisho ili nisipitwe na kitu, na ndani ya kisima hicho nikakaa usiku tisa nikisahihisha picha 860.

Kila picha niliyoifungua niliiona ina unjano. Nyuso zilikuwa za njano, shela ilikuwa ya njano, hata barafu ya kwenye vinywaji ilikuwa ya njano. Nikamsikitikia yule mpiga picha kwa kushindwa kazi, nikawa nauondoa unjano, na kuondoa unjano, kwa wasiojua, ni kuongeza buluu.

Usiku wa nne mke wangu alisimama mlangoni akitokea sebuleni.

"Baba watoto, mbona watu wamekuwa wa buluu?"

Nilimweleza kwa upole wa msomi kwamba monita za aina ile hubadilisha rangi kufuatana na pembe ya mtazamaji, na kwamba akitaka kuona sawasawa aje akae mbele. Maelezo hayo ni ya kweli kabisa. Skrini yangu ilikuwa ya paneli ya TN, ambayo ukiitazama kutoka juu au kando hukuonesha habari nyingine. Akaja, akakaa kando yangu dakika kumi hivi katika ule mwanga, akaitazama tena picha, akasema kweli, sasa anaona iko sawa. Nami nikalichukua hilo kuwa ushahidi.

Uchapaji nitaupitia haraka kwa sababu haukuwa na uhondo, ila nilipoteza karatasi sita kwa kuchapa upande wa nyuma, ambao hauna utando wa kupokea wino, nikabaki na wino unaoelea kama supu. Nilichapa usiku, nikatazama usiku, chini ya mwanga ule ule. Asubuhi nikafunga albamu katika mfuko nikaenda nazo kwenye kikao cha kuvunja kamati.

Kikao kilikuwa nje, chini ya mwembe, saa tano asubuhi, jua la Dar es Salaam likiwa limesimama wima. Mwenyekiti alifungua albamu, akaitazama kwa muda mrefu, akampa katibu. Shela ya bibi harusi ilikuwa kana kwamba imeloweshwa katika bluu ya kufulia nguo. Bwana harusi, ambaye alivaa suti nyeusi na kusimama mbele ya pazia jeusi, alikuwa amemezwa na giza lote, kikabaki kichwa kinachoelea na mkono mmoja ulioshika kisu cha keki. Na safu baada ya safu, meza baada ya meza, ukoo mzima ulikuwa umevaa sare za buluu.

Mama mdogo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Shangazi aliipokea albamu, akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha akaanza kupiga vigelegele peke yake.

"Niliwaambia! Si mnaona jinsi tulivyopendeza?"

Jioni ile nilikwenda Magomeni kwa mzee mmoja aliyeendesha studio enzi za filamu, akichapa picha kwa mkono katika chumba chenye giza. Nilimwamkia, akaitikia, akaitazama picha moja tu, akauliza nilisahihishia wapi. Kesho yake alikuja Tabata, akafika mlangoni mwa chumba changu, hakuingia.

"Mwanangu, kwanza zima hilo disko."

Nikazima taa za mashine na kuwasha balbu. Tulisubiri kidogo, kisha akaniambia nitazame skrini, na hapo, kwa mara ya kwanza, nikawaona watu wa buluu ambao mke wangu aliwaona usiku wa nne. Mzee alinieleza kwamba jicho huuzoea mwanga unaolizunguka na kuufanya kuwa ndio weupe. Kwa hiyo mtu aliyekaa ndani ya buluu huona kila cheupe kimeingia unjano, na akisahihisha husahihisha macho yake badala ya picha. Zambarau nayo, alisema, ni rangi ya kuangaliwa sana, kwa sababu makazi yake ni kati ya nyekundu na buluu, nayo katika printa hutokana na wino wa samawati na wa majenta, yaani pinki iliyokolea, kiasi kwamba majenta ikipungua kidogo tu imeshahamia kwa jirani. Kuhusu suti, alinionesha mwangaza wa monita ulivyokuwa juu kabisa: karatasi haina taa ndani yake, hivyo kinachoonekana kwenye skrini inayowaka kama kurunzi, kwenye karatasi hugeuka giza.

Akauliza bei ya kila kitu. Nilipomtajia akakaa kwenye kitanda. Kadi ya michoro niliyoinunua, alisema, ingefaa kurusha ndege za kivita katika michezo. Kwa picha za harusi ningetosheka na mashine ya kawaida isiyo na taa hata moja, yenye RAM ya GB 16 na diski nzuri, na fedha zote zilizobaki ningezitia katika monita ya paneli ya IPS, ambayo rangi zake hazibadiliki sana hata ukiitazama kutoka kando. Niliiuza ile ya mara 144 kwa kijana wa jirani anayecheza mpira wa kompyuta, kwa hasara ambayo sitaitaja kwa kuwa mke wangu husoma ninayoyaandika.

Monita mpya ilipofika, mzee aliazima kifaa cha kupimia rangi za skrini. Ni kidude chenye waya ambacho nilikishika nikakisogeza juu ya meza, nikishangaa kwa nini mshale hautembei, hadi aliponinyang'anya na kukining'iniza mbele ya skrini. Tukaweka weupe kwenye Kelvin 6500, yaani weupe wa mwanga wa mchana, tukashusha mwangaza hadi nikadhani umeme umepungua, tukaichagulia printa mipangilio ya karatasi iliyomo ndani yake. Nikaanza upya na mafaili ya awali. Zambarau ikarudi, suti ikapata mikono na vifungo, na mama mdogo alipopokea albamu mpya aliniombea dua.

Shangazi aliikataa. Picha yake kubwa ya buluu ilikuwa imeshawekwa fremu na kutundikwa sebuleni, na wageni wakiuliza huambiwa kwamba ndivyo harusi ilivyokuwa. Wiki iliyopita amenipigia simu akitaka nakala kumi na mbili za ndugu wa Tanga.

"Ziwe kama hii hii, mwanangu. Usibadilishe kitu."

Mafaili ya buluu nilikwisha kuyafuta kwa aibu. Nimejaribu kuongeza buluu kwa vipimo, lakini kila mara hutoka picha ya mtu aliyeongeza buluu, na shangazi huitambua papo hapo. Basi juzi usiku nilizima balbu, nikawasha feni zote nne, nikazigandisha palepale pa zamani, nikapandisha mwangaza hadi mwisho, nikakaa kusubiri macho yapotee. Mke wangu akatokea mlangoni.

"Umerudi tena huko?"

"Shangazi kaagiza."

Akasimama pale pale mlangoni, akaikagua skrini kwa makini.

"Ongeza kidogo," akasema. "Ile ilikuwa mbaya zaidi."