Sentimita 7 za Ziwa Victoria: wanasayansi tunawasoma vibaya

Kuanzia mwishoni mwa 2019 hadi katikati ya 2020 Ziwa Victoria lilipanda mita 1.21. Mei 2020 kipimo cha pale Jinja, Uganda, Mto Nile unapotokea ziwani, kikasoma mita 13.42, kikaipita kwa sentimita moja tu rekodi ya Mei 1964 ambayo ilikuwa 13.41. Wanaoishi kando ya ziwa hawahitaji kusimuliwa, maji yaliingia majumbani, mialo ikazama, mashamba ya bondeni yakawa sehemu ya ziwa, na Aprili ile kisiwa cha mafunjo kilichong'oka ufukweni kikaelea mpaka kwenye mitambo ya umeme ya Nalubaale na Uganda karibu yote ikakaa giza.

Sasa 2024 ukatoka utafiti wa timu iliyoongozwa na Rosa Pietroiusti wa Vrije Universiteit Brussel kule Ubelgiji, timu ambayo yumo Wim Thiery, mtu aliyeyafanyia kazi maziwa makuu ya Afrika kwa miaka mingi. Swali lao lilikuwa moja: katika mafuriko yale mkono wa binadamu, yaani hewa ukaa tuliyoijaza angani, ni kiasi gani? Jibu lao ni kwamba uwezekano wa tukio kama lile umeongezeka kama mara 1.8 ukilinganisha na dunia ya kabla ya viwanda, na kama dunia isingepashwa joto, tukio la uzito uleule lingelipandisha ziwa kwa sentimita 7 pungufu.

Saba, kati ya 121. Ukiitaja hii namba mbele ya watu unapata majibu mawili na yote mawili yananikera. Wa kwanza anasema kumbe hata kidogo hivyo, basi hizi kelele zote za tabianchi ni za nini. Wa pili hataki hata kuisikia kwa sababu ameshasema kwenye semina na kwenye hotuba kwamba mafuriko yale yalikuwa ya tabianchi, nukta, na saba inamharibia hotuba.

Tuwatendee haki wenye shaka kwanza maana wana hoja za kweli. Moja, watafiti wenyewe wanasema makadirio yao yana upana mkubwa, hiyo sentimita 7 inaweza kuwa 0 na inaweza kuwa 14, na ile mara 1.8 inaweza kuwa 0.8 mpaka 15.8, kwa hiyo haijafungwa kabisa kwamba binadamu ameongeza chochote. Mbili, 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto isivyo kawaida na upande wa Indonesia ikawa baridi, hali ambayo huja na kuondoka yenyewe na huleta vuli kubwa, na ya mwaka ule ilikuwa kati ya zile kali zaidi kuwahi kupimwa. Tena kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2, kipindi ambacho joto la dunia lilikuwa bado halijapanda kama sasa. Tatu, Jinja kuna mageti ya bwawa la umeme. Maji ya ziwa hili yana mlango mmoja tu wa kutokea na tangu 1954 mlango huo uko mikononi mwa watu, na wanaokumbuka 2005 na 2006 ziwa lilipokauka kiasi cha mitumbwi kukaa kwenye tope wanajua kwamba sehemu ya lawama ilikwenda kwenye maji yaliyoachiwa kupita kiasi kwa ajili ya umeme. Nne, watu wamejenga palepale kwenye ukingo, ardhi oevu zimelimwa, na ziwa likirudi kwenye eneo lake tunasema limetuvamia.

Hoja ya tatu na ya nne mimi nazikubali bila kubisha. Na kuna moja nzito zaidi huwa haitajwi sana, kwamba modeli za tabianchi, yaani hesabu za kompyuta za kukadiria hali ya hewa ya miaka ijayo, kwa muda mrefu zimekuwa zikitabiri masika ya Afrika Mashariki yataongezeka wakati vipimo vilionyesha masika yanapungua kuanzia miaka ya 80 hadi 2000 na kitu. Mtu akikuambia modeli zenu mbona zilikuwa zinaelekea kaskazini na mvua inaelekea kusini, ana haki ya kujibiwa.

Lakini hebu tuikalie hii saba vizuri maana nadhani wengi wameipita haraka. Ziwa Victoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800. Sentimita 7 juu ya eneo lote hilo ni maji kama mita za ujazo bilioni 4.8. Bwawa la Masinga kule Kenya, lile kubwa la Mto Tana, likijaa kabisa lina kama bilioni 1.56, kwa hiyo tunazungumzia Masinga tatu zilizojaa, zimemwagwa juu ya ziwa ambalo tayari lilikuwa limejaa. Halafu angalia ardhi yenyewe. Ukingo mwingi wa ziwa hili ni tambarare, na mahali ambapo nchi inapanda mita moja kwa kila mita 500 sentimita 7 za kwenda juu ni mita 35 za kwenda ndani, na kwenye hizo mita 35 ndiko kuna kibanda cha kukaushia dagaa, choo, kisima, na nyumba ya mtu. Na zaidi ya hapo, rekodi ya 1964 ilivunjwa kwa sentimita moja! Ukitoa saba, kwa hesabu ya haraka tu, 2020 ungekuwa mwaka wa mafuriko makubwa lakini rekodi ya 1964 ingebaki pale ilipo. Mafuriko huumiza zaidi kwenye zile sentimita za mwisho, zinazopita juu ya tuta baada ya tuta kuwa limeshazuia nyingine zote.

Na kuhusu ule upana wa 0 mpaka 14, mimi ndicho kitu kilichonifanya niwaamini zaidi. Hawakuuficha kwenye kurasa za nyuma, wameuweka kwenye muhtasari, sehemu ambayo kila mtu anaisoma, na sababu wameitaja, mvua za ukanda huu hubadilika sana zenyewe mwaka hadi mwaka. Makadirio yao bora yanabaki saba. Anayechukua sifuri peke yake kutoka kwenye ule upana na kuiacha 14 anachagua anachotaka kusikia, kama vile yule anayeishika 14.

Ila kazi ya Thiery ambayo nadhani ndiyo inatuhusu zaidi hata kuliko hii ya 2020 ni ile ya 2016, na haizungumzii kina cha ziwa, inazungumzia radi za usiku. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko ziwa, upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu na mawingu yanajengeka huko, milimani na mabondeni. Usiku inageuka, nchi imepoa na ziwa bado lina joto, upepo unatoka pande zote kuingia ziwani na kwa kuwa ziwa limekaa karibu duara pepo zinakutana katikati, hazina pa kwenda isipokuwa juu, na zinapanda na mvuke. Ndiyo maana dhoruba mbaya za ziwa hili ni za usiku wa manane kuelekea alfajiri, saa ambazo mvuvi wa dagaa yuko katikati ya maji na taa yake, kwa sababu dagaa huvuliwa gizani. Makadirio yanayorudiwa mara nyingi ni kwamba maelfu ya wavuvi hufa kila mwaka ziwani. Namba kamili inabishaniwa na inabishaniwa kwa haki, maana mtu akizama na mtumbwi usiku hakuna daftari linalomsubiri, lakini hakuna mwalo utakaokwenda ukakosa familia yenye mtu ambaye hakurudi.

Walichogundua wale watafiti kwa kutumia satelaiti ni kwamba mvua kubwa ya mchana nchi kavu inaandaa dhoruba ya usiku ziwani. Ile hewa baridi inayoachwa na mvua ya mchana inamiminika kuelekea ziwani na kuzidisha kule kukutana kwa pepo, na hiyo peke yake wameipa 74%, zile 26% zilizobaki ni unyevu unaoongezeka. Kwa lugha nyingine, jioni ukijua mvua ilinyeshaje mchana kule nchi kavu una dokezo la usiku utakuwaje, saa kadhaa kabla.

Halafu kuna mrejesho wenyewe wa tabianchi. Kila nyuzi moja ya joto ikiongezeka hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa kama 7%. Huo mvuke nao ni gesi inayoshika joto, kwa hiyo joto linaleta mvuke na mvuke unazidisha joto, na ukigeuka kuwa matone ndani ya wingu unatoa joto linalolisukuma wingu lipande zaidi. Nchi kavu mara nyingi hewa haipati unyevu wa kutosha kuifikia hiyo 7%, lakini juu ya ziwa maji hayaishi, na ndiyo maana utafiti ule ukakuta ongezeko la mvua kali juu ya ziwa ni karibu mara mbili ya ongezeko la nchi kavu inayolizunguka. Na hapa ndipo kuna jibu la sehemu kwa yule wa modeli. Modeli nyingi za dunia zinaigawa ramani kwa miraba ya kilomita mia na zaidi, kwenye mraba kama huo upepo wa ziwa hauonekani kabisa. Thiery na wenzake walitumia modeli ya miraba ya kilomita 7 hivi ambayo ziwa limo ndani na joto lake.

Mwenye shaka atasema, na ni kweli, kwamba ile "mara mbili" imetokana na hali ya utoaji mkubwa sana wa hewa ukaa, ile njia ambayo wengi sasa wanaona dunia huenda isiifuate. Sawa, namba ipunguzwe. Ila utaratibu wa upepo wa mchana na usiku haujatokana na makadirio ya mwaka 2100, uko kwenye picha za satelaiti za miaka iliyopita, na unaua leo.

Vilevile kwenye mafuriko ya masika ya Afrika Mashariki ya 2024, watafiti wa World Weather Attribution, kundi linalopima mchango wa joto la dunia kwenye majanga ya hali ya hewa, akiwemo Joyce Kimutai wa Kenya walikadiria joto la dunia liliongeza mvua zile kwa kama 5%, wakasisitiza palepale kwamba ujenzi wa mabondeni na makazi holela ndivyo vilivyozidisha maafa. Watu wale wale tunaoambiwa wanatisha ndio wanaotaja mifereji na mipango miji kabla mwanasiasa hajaitaja.

Kwa hiyo mimi ningependa ziwa likipanda tena, waziri wa yoyote kati ya nchi tatu za ziwa, Tanzania, Uganda na Kenya, akisema "ni tabianchi" aulizwe sentimita ngapi, na hizo nyingine mia na kitu atajibu nani, mageti ya Jinja yalikuwa yameachia kiasi gani wiki zile na nani alitoa vibali vya kujenga pale. Utafiti wa Pietroiusti na Thiery unampa mwananchi uwezo wa kuuliza hivyo, kwa sababu umetenganisha fungu la joto na mafungu mengine badala ya kuyafunga yote pamoja.

Na kwa upande wa radi za usiku kazi haimsubiri mtu amalize mabishano ya 7 au 0. Kuanzia 2017 kulikuwa na mradi wa HIGHWAY wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani na mamlaka za nchi za ziwa, uliolenga hasa kuwafikishia wavuvi tahadhari, na Mwanza rada ya hali ya hewa ipo. Mradi ule umekwisha. Kinachotakiwa sasa ni bajeti za nchi zenyewe kuichukua hiyo kazi, ili mvua ikinyesha kubwa saa tisa mchana kule nchi kavu, taarifa iwe imefika BMU, vikundi vya wavuvi vinavyosimamia mialo, na kwenye redio za jamii kwa Kiswahili, Kisukuma, Kihaya, Kijaluo na Kiganda kabla mitumbwi ya dagaa haijasukumwa majini.